UZI: Katuni ya mzee na maputo imemliza mama yangu wa miaka 68. Tuzungumze kwa nini

#1 – Mwana wa Kilosa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita niliwapeleka wanangu Kilosa kwa bibi yao. Mmoja ana miaka tisa, mwingine mitano. Walikuwa na flashi yao ya katuni, na jioni umeme uliporudi wakaichomeka kwenye runinga wakaanza na Up, ile ya kampuni ya Pixar ya mwaka 2009, ya mzee aliyefunga maputo kwenye nyumba yake ikapaa nayo. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Katuni kwake ni mambo ya watoto, na Kiingereza hakijui, kwa hiyo tukikaa mbele ya runinga mimi ndiye mkalimani wake. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa shule ya msingi.

Pale mwanzoni kuna kipande cha kama dakika nne ambacho hakina neno hata moja la mtu kuongea. Carl na Ellie wanaoana, wanakarabati nyumba, wanazeeka, Ellie anafariki. Muziki tu. Sikuwa na cha kutafsiri, nikakaa kimya. Baada ya muda nikagundua ungo nao umenyamaza. Mama ameinua macho. Ilipofika sehemu ambayo mti unaangukia paa na wale wawili wanavunja tena chupa waliyokuwa wanawekea pesa za safari, akasema taratibu, kama anaongea na mtu aliyekaa karibu yake: "Kivunjeni tu. Mtafanyaje na nyumba inavuja."

Alikuwa anasema kibubu. Hakuna aliyemwambia kwamba ile chupa ya kioo ni kibubu.

Carl aliporudi nyumbani peke yake ameshika puto moja, mama alikuwa anafuta machozi kwa pindo la kanga. Mwanangu mdogo akamgeukia: "Bibi, mbona unalia na maputo bado hayajaja?"

Swali hilo sijaacha kuliwaza. Mtoto alikuwa anasubiri filamu ianze. Bibi yake alikuwa ameshaipata yote.

Nimesoma mara nyingi, humu na kwingine, kwamba katuni nzuri huwanasa wazazi kwa sababu watengenezaji hupachika utani wa kikubwa ambao watoto hawaung'amui. Utani huo upo, na mimi huwa nacheka. Lakini mama hakupewa chake pembeni. Alitazama picha ileile aliyotazama mjukuu wake, kwa sekunde zilezile, akaona jambo ambalo mjukuu hana pa kuliona kwa kuwa hajawahi kuweka pesa ya safari kisha akaitoa inunue bati. Ninachodai ni kwamba filamu ya familia ikitengenezwa vizuri husimulia hadithi moja tu, kwa ukweli, bila kugawa fungu la watoto na fungu la wakubwa. Umri wa mtazamaji ndio unaoamua atabeba kiasi gani.

Kwa ambao hawajaiona, niwasimulie kipande chenyewe. Carl ni mtoto mkimya, Ellie anaongea kupita kiasi. Wanakutana kwenye gofu la nyumba, wote wawili wanamhusudu mvumbuzi mmoja wa kwenye sinema. Ellie ana daftari la safari, na kurasa za mbele ameziacha wazi kwa ajili ya mambo atakayokuja kuyafanya. Anamwapisha Carl kwamba siku moja atampeleka kwenye maporomoko ya Paradise Falls, Amerika Kusini. Anambandika beji kifuani, kizibo cha soda ya zabibu. Kisha harusi, na hapo maneno yanakatika.

Wananunua gofu lilelile na kulifanya nyumba. Carl anauza maputo kwenye bustani ya wanyama, Ellie naye anafanya kazi hapohapo. Wanalala kwenye majani kilimani wakitazama mawingu, na mawingu yanageuka kuwa watoto wachanga. Wanapaka rangi chumba cha mtoto. Picha inayofuata ni chumba cha daktari, Ellie ameinamisha uso mikononi, Carl kamwekea mkono begani. Kwa sekunde chache tu. Mwanangu wa miaka tisa aliuliza, "Anaumwa?" Nikamjibu ndiyo. Mke wangu alikuwa mlangoni na hakusema kitu. Sisi nasi tumewahi kukaa kwenye kiti kama kile, kabla ya huyo mkubwa kuzaliwa.

Halafu Ellie yuko nje, amefumba macho, upepo unampiga usoni. Carl hamwambii chochote. Anamletea lile daftari la safari. Ndipo kibubu kinaanza. Kinavunjwa gari linapopata pancha, kinavunjwa Carl anapovunjika mguu, kinavunjwa mti unapoangukia paa. Miaka inapita kwa tai: kila asubuhi Ellie anamfunga mumewe tai, tai zinabadilika moja baada ya nyingine, mpaka nywele za wote wawili ni nyeupe. Watengenezaji hawakuandika "baada ya miaka thelathini" popote. Tai zimetosha.

Tuzungumze. Kuna katuni gani iliyokukuta ukiwa mtu mzima ikakushika, na ilikushikia wapi?

#2 – Pilipili Manga

Mkuu, hizo dakika nne sina ubishi nazo. Lakini uwe mkweli: baada ya hapo inakuwa mbwa wanaoongea na ndege mkubwa wa rangi rangi anayekula chokoleti. Mimi nililala. Kwa maoni yangu walitengeneza filamu fupi ya wakubwa wakaifunga kwenye filamu ndefu ya watoto ili iuzike. Hilo linakwenda kinyume na dai lako la hadithi moja.

#3 – Mchoraji wa Usiku

Naomba niingie kwa upande wa ufundi, maana hii ndiyo shughuli yangu. Nachora katuni za dakika moja moja hapa Dar, za matangazo na za vipindi vya watoto.

Mleta uzi umesema mama yako hakuhitaji mkalimani. Halikutokea kwa bahati. Mwanzoni kipande kile kilikuwa na watu kuongea. Pete Docter, aliyeiongoza filamu, pamoja na wenzake waliyatoa maneno na sauti za matukio, wakabakiza picha na muziki, ili kifanane na zile filamu za zamani za nyumbani ambazo familia zilijirekodi bila sauti. Aliyekuwa kinara wa kuchora hadithi kwenye ubao ni Ronnie del Carmen. Kwa mtu wa kazi hii, kutoa maneno kunatisha. Ukiyatoa, kila picha lazima ijisimamie, mkono wa Carl kwenye bega la mkewe ukikosea kidogo tu mtazamaji haelewi, na huna pa kukimbilia.

Tazama maumbo pia. Carl ni mraba: kichwa, miwani, kiti chake. Ellie ni mviringo, na kiti chake kina mgongo wa duara. Viti viwili vimekaa bega kwa bega sebuleni. Ellie akishafariki, duara lile linabaki tupu kando ya mraba, na filamu haina haja ya kukuambia kuwa kuna mtu hayupo. Maputo nayo ni duara. Mtoto hawezi kukueleza hivyo, lakini jicho lake linajua.

Muziki ni wa Michael Giacchino. Wimbo ni mmoja: harusini unachezeka, una tarumbeta na fidla, wa kuzungusha mtu. Mwishoni ni kinanda peke yake, taratibu, noti zilezile. Ulishausikia ukiwa na furaha, sasa unarudishiwa na aliyekuwa akicheza nawe hayupo. Machi 2010 muziki huo ulipata Oscar, na filamu ikapata ya katuni bora. Ilishindania hata ile ya filamu bora kuliko zote, ikiwa katuni ya pili kufika hapo baada ya Beauty and the Beast ya 1991. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2009, ndiyo iliyofungua, na kabla yake hakuna katuni iliyowahi kupewa nafasi hiyo.

#4 – Mwana wa Kilosa

Mchoraji, asante sana. Hilo la viti sikuliona kabisa, na nimekaa mbele yake mara tatu.

Pilipili, hoja yako nzito na naijibu kwa urefu kwa sababu nadhani hapo ndipo watu wengi wanaishia.

Kumbuka nyumba ikishatua kule milimani. Inaelea lakini haina nguvu ya kuruka tena, kwa hiyo Carl anaifunga kwa mpira wa kumwagilia bustani, anauvaa mabegani kama mzigo, anaiburuta nchi nzima kwa miguu. Mwanangu alicheka sana pale. Mzee mfupi wa mraba anavuta nyumba kama anavuta mbuzi mkaidi! Mama hakucheka, aliguna. Aliona mzee aliyebeba nyumba ya marehemu mkewe mgongoni na kukataa kuitua. Carl anaongea na nyumba, anaiita kwa jina la Ellie. Kitu kikigonga ukuta anashtuka kama kimemgonga yeye. Yule ndege yupo, mbwa wapo, lakini mzee anawatazama wote kama watu wanaomchelewesha kumfikishia mkewe ahadi. Ni hadithi ileile ya dakika nne, imebadilika mwendo tu.

Halafu anafika. Nyumba ameiweka kando ya maporomoko, palepale Ellie alipopachora. Anakaa kwenye kiti chake, anafungua daftari, na pale kwenye kurasa zilizoachwa wazi, ambazo miaka yote aliamini ni tupu na kwamba ni yeye aliyeshindwa kuzijaza, anakuta picha. Ellie alizibandika bila kumwambia. Harusi yao. Wako kilimani. Wamekaa kwenye vile viti viwili. Mambo ya kawaida kabisa. Mwishoni kamwandikia mstari mfupi kumshukuru kwa safari na kumwambia akatafute nyingine.

Niwaambie sasa kuhusu kibubu cha kwetu. Baba alikuwa amemwahidi mama kumpeleka Kigoma wapande Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ambayo imehudumu Ziwa Tanganyika miaka na miaka. Alikuwa na kopo la maziwa alilolitoboa juu. Likafunguliwa kwa ada yangu ya kidato cha kwanza. Likafunguliwa upepo ulipong'oa bati za jikoni. Likafunguliwa baba alipoanza kuumwa, na safari hiyo halikufungwa tena. Treni ya Kigoma inapita Kilosa hapohapo, mama aliisikia ikipiga honi miaka yote.

Alikuwa hajawahi kunisimulia. Nilijua kopo, sikujua lilikuwa la nini. Alinisimulia usiku ule baada ya katuni, watoto wameshalala, na alipomaliza akaomba nimshushie sanduku la picha kutoka juu ya kabati.

Kwa hiyo, ndugu yangu Pilipili, kama angezimiwa runinga baada ya zile dakika nne, angebaki na msiba tu. Daftari ndilo lililomfanya aliulize sanduku lake. Na ili ulifikie daftari lazima upite kwenye mbwa na ndege na kuburuta nyumba. Bila ile safari, ule ukurasa haumwelezi Carl chochote, kwa sababu mtu hawezi kuambiwa "tua mzigo" kabla hajaonekana akiubeba.

#5 – Pilipili Manga

Nimekusoma. Kule kuburuta nyumba nilikuwa nimekuchukulia kama vituko. Nitairudia wikiendi hii, nikiwa sijachoka.

#6 – Baharia wa Nchi Kavu

Salaam aleikum. Mimi niko Muscat mwaka wa saba sasa, ni dereva. Mke na watoto wako Tanga.

Nyote mmemzungumzia mzee na mkewe. Mimi aliyenimaliza ni yule mtoto, Russell. Kwa ambao hamjaiona: ni mvulana mnene wa chama cha watoto wapenda pori, mfano wa skauti, anatafuta beji moja iliyobaki, ya kumsaidia mzee, ndiyo maana alikuwa barazani kwa Carl nyumba ilipopaa. Anaongea mfululizo. Unadhani ni wa kuchekesha. Halafu wakiwa wamekaa usiku anaanza kumsimulia Carl kuhusu baba yake, na kidogo kidogo unaelewa kwamba baba hayupo nyumbani, kwamba mwanamke anayepokea simu siyo mama wa mtoto, na kwamba sababu ya kuitaka ile beji ni kwamba kwenye sherehe baba ndiye hutakiwa kumbandika mtoto.

Anasema zamani walikuwa wanakwenda kula aiskrimu, wanakaa ukingoni mwa barabara wanahesabu magari. Mmoja anahesabu mekundu, mwingine ya bluu. Kisha anasema, kwa maneno yake ya kitoto, kwamba yale mambo yanayoonekana hayana maana ndiyo anayoyakumbuka zaidi.

Nilikuwa naangalia kwenye simu, kitandani, wenzangu wamelala. Nilisimamisha. Mimi na mwanangu tulikuwa na kibaraza pale mtaani, jioni tunahesabu bodaboda zilizopakia watu watatu. Akiona yeye kwanza anapata pointi. Likizo iliyopita nilimnunulia baiskeli, nikampeleka kuogelea, nikamnunulia kila alichonyooshea kidole. Sasa hivi nikipiga simu anachoniambia ni, "Baba leo nimeona kumi na moja."

Mwisho wa filamu watoto wamepanga mstari jukwaani na baba zao, Russell yuko peke yake, na Carl ndiye anayepanda. Badala ya beji rasmi, anambandika kile kizibo cha soda alichopewa na Ellie utotoni. Wengine waliona furaha tu pale. Mimi nilimwonea wivu yule mzee kwa sababu alikuwa karibu na mtoto na mimi niko mbali. Halafu filamu inakuonyesha wako ukingoni mwa barabara na aiskrimu zao, wanahesabu magari.

Nimeweka tarehe ya kurudi moja kwa moja. Siyo kwa ajili ya katuni peke yake, nilikuwa naifikiria siku nyingi. Lakini usiku ule ndio nilioiandika kwenye kalenda.

#7 – Mwana wa Kilosa

Kaka Baharia, Mungu akufikishe salama. Nimeisoma mara mbili na nimemsomea mke wangu.

#8 – Mchoraji wa Usiku

Baharia, kwa ulichoandika, ukipata nafasi tazama Finding Nemo ya 2003 mkiwa wawili na huyo mwanao. Samaki baba aliyebakiwa na yai moja baada ya mama na mayai mengine yote kuliwa, na hofu yake inamfanya amkabe mtoto mpaka mtoto anakimbilia hatarini. Andrew Stanton aliyeiongoza amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia akiwa anatembea na mwanawe mdogo. Alitaka wapate muda wao pamoja, akajikuta njia nzima anamwambia usiguse, angalia, utaanguka, na muda ukaisha hivyo. Mtoto akiitazama anaona samaki aliyepotea na anatafutwa. Mzazi anajiona yeye ndiye anayetakiwa kujifunza.

Niongeze na hili kuhusu heshima kwa mtoto, maana tumewazungumzia wakubwa sana. Katika tukio la nyumba kung'oka, kwa hesabu ya Pixar wenyewe kuna maputo 20,622. Na kabla ya kuchora ile milima ya juu bapa, mwaka 2004 Docter na wachoraji wake walikwenda Venezuela wakapanda Roraima, wakakaa juu siku kadhaa wakichora mawe na mimea. Mtoto wa miaka mitano hatahesabu. Lakini anahisi kwamba aliyemtengenezea hakulipua kazi. Mkubwa anahisi vilevile. Kazi iliyolipuliwa kwa kisingizio cha "ni ya watoto tu" huonekana na wote wawili, tofauti ni kwamba mtoto hajui namna ya kulalamika.

Docter alikuwa na rafiki mzee, Joe Grant, mchoraji wa Disney tangu enzi za kina Dumbo, aliyefariki 2005 akiwa na miaka 96. Mzee huyo alikuwa na mazoea ya kumwuliza Docter kuhusu kila wazo: unawapa watazamaji kitu gani cha kwenda nacho nyumbani? Swali hilo nimelibandika ukutani kwangu juu ya meza.

#9 – Mwalimu wa Likoni

Jamani hamjambo. Mie nasomesha watoto wadogo hapa Mombasa, na nimefurahi kuona wanaume mwazungumza mambo haya bila kuoneana haya.

Nataka kuwauliza: twashangaa nini? Bibi zetu walipotutolea hadithi, "Paukwa!", nasi twajibu "Pakawa!", barazani hapakuwa na watoto peke yao. Mama alikuwa akisuka ukili, mjomba kajilaza, jirani kapita kuomba moto akakaa. Sungura akimlaghai Fisi sisi watoto twacheka. Wakubwa wacheka kwa kuwa wamjua Fisi ni nani mtaani. Hadithi ilikuwa moja, na Bibi hakubadilisha hata neno. Alichotufanyia ni kutotuficha kifo. Katika ngano zake mama hufa, mtoto hupotea, zimwi hula mtu. Alijua twaweza kusikia, kwa sababu twasikia tumemwegemea.

Ile The Lion King ya 1994 nimeonyesha darasani mara nyingi. Watoto wetu wana raha ambayo wenzao wa Ulaya hawana, maana majina mengi ni ya kwetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na yule ngiri Pumbaa wanamcheka kabla hajafanya lolote, jina limeshawaambia kuwa kapumbaa. Na mamake Simba, Sarabi! Nilikuwa mtu mzima nilipotulia na jina lile. Sarabi ni mazigazi, maji uyaonayo mbali jangwani na ukifika hayapo. Sijui kama aliyempa jina alikusudia, lakini mie kila nikimwona yule mama kasimama peke yake kwenye nchi iliyokauka, jina lile lanichoma.

Kuna jambo laniuma kidogo. Vya kwetu tunavyo. Nairobi walishiriki kutengeneza Tinga Tinga Tales iliyotoka 2010, na Dar kuna Ubongo Kids tangu 2014, watoto wangu wamejifunzia hesabu humo na nashukuru. Lakini bado nasubiri filamu ndefu ya Kiswahili itakayomwamini mtoto kwa huzuni, kama Bibi alivyotuamini. Mara nyingi sisi tukitengeneza cha mtoto twakimbilia kumfundisha: nawa mikono, soma, heshimu wakubwa. Ni mazuri yote. Ila mtoto aliyefiwa darasani kwangu hataki kufundishwa siku ile. Ataka kukaa na hadithi ya mwenziwe aliyefiwa pia.

#10 – Mwana wa Kilosa

Mwalimu, shikamoo. Umenipa jibu nililokuwa nalitafuta bila kulijua. "Twasikia tumemwegemea." Wakati filamu inaendelea mwanangu mdogo alikuwa ameegemea goti la bibi yake, na alipoona analia hakuogopa, alisogea karibu zaidi. Labda neno "familia" kwenye hizi filamu linatakiwa kusomwa hivyo: imetengenezwa itazamwe na watu walioegemeana. Mkubwa akiitazama peke yake ataipenda, lakini akiwa na mtoto pembeni anatazama vitu viwili, filamu na uso wa mtoto, na anajua ni yapi kwenye ile filamu mtoto atakuja kuyaelewa akiwa yeye ameshaondoka. Mimi hilo ndilo lililonishika koo. Sikulia kwa ajili ya Carl. Nilimwangalia mwanangu anasubiri maputo.

Kuhusu filamu yetu ndefu, naunga mkono kila neno. Mchoraji, umesikia.

#11 – Mchoraji wa Usiku

Nimesikia. Nina hadithi ya kopo la maziwa lililotobolewa juu, kama mwenye nayo ataridhia. Nitakuandikia faragha.

#12 – Mgeni Mlangoni

Samahani wakuu, mimi huwa nasoma tu, leo nimejisajili ili niulize. Baba yangu ni mgane, mama ametutoka mwaka juzi. Haongei sana siku hizi. Anapenda kukaa na wajukuu zake, lakini akili haipo pale. Filamu hii ninayo. Nimwekee au nitamtonesha kidonda? Yeye pia Kiingereza hajui.

#13 – Mwana wa Kilosa

Pole sana, ndugu yangu, kwa kumpoteza mama.

Mimi siyo mtaalamu, nakuambia yaliyotokea kwetu tu. Usimwekee kama mtego. Mwambie kabisa: baba, kuna katuni ya mzee aliyefiwa na mkewe, wajukuu wanataka kuitazama, utakaa nasi? Akisema hapana, basi, iko siku nyingine. Akikubali, mweke mtoto karibu naye na wewe ukae upande wa pili. Zile dakika nne usitafsiri wala usimwangalie usoni. Baada ya hapo tafsiri kidogo kidogo, yale ya lazima tu, mbwa na ndege wataeleweka vyenyewe.

Ukifika kwenye daftari, uwe na rimoti mkononi. Mama aliniomba nisimamishe pale. Akasogea mpaka mbele ya runinga, akaziangalia zile picha za Ellie, ya kwanza mpaka ya mwisho, akaniuliza yale maandishi ya chini yanasemaje. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akarudi kwenye mkeka, akamvuta mjukuu wake mapajani, akaniambia, "Haya, endelea."